Barua kwa Baba Kuhusu Wageni Wanaoingia Kanisani Kwetu Ihumwa

Melbourne, Australia

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, kazi ya kutunza wazee inaendelea vizuri, na baridi ya Juni imekwisha kuingia. Salamu zangu zimfikie Bibi, dada, na watoto wote wa nyumbani.

Baba, dada amenieleza kwa simu kwamba wazee wa kanisa wa mtaa wetu watakaa kikao kuhusu wageni wanaozidi kuongezeka katika ibada, na kwamba wewe ndiwe uliyepewa kuandaa hoja. Uliagiza niulizwe wenzetu wa huku hufanyaje. Nimeona swali hilo ni kubwa mno kulijibu kwenye simu, kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu, na unaweza kuwasomea wazee wenzako sehemu yoyote utakayoona inafaa.

Nimesikia kwamba mmegawanyika. Wapo wanaosema wageni hawa ni watu wa kupita, kwamba Jumapili hii wapo na mbili zinazofuata hawaonekani, hawahudhurii nyumba kwa nyumba, hawafiki msibani, wala hakuna ajuaye wanakoishi. Ningependa wazee hao wakumbuke kwanza wageni wenyewe ni akina nani. Ihumwa niliyokulia ilikuwa ya mashamba ya uwele na mtama, na mtu asiyejulikana akipita njiani, watoto tulimfuata kwa macho mpaka atokomee. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa mwaka 1973, lakini sisi tuliuona kwa macho baada ya 2016, serikali ilipoanza kuhama kweli na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, hapo jirani. Basi yule anayeketi benchi la nyuma asiyejulikana na mtu huenda ni mtumishi wa wizara aliyehamishwa kwa barua, akaacha mke na watoto Dar es Salaam kwa sababu ya shule. Tangu treni ya umeme ianze safari zake mwaka 2024, Dodoma na Dar ni mwendo wa chini ya saa nne, kwa hiyo Ijumaa jioni huenda kuwaona wanawe na kurudi kazini Jumatatu. Mtu huyo hajatudharau anapokosa Jumapili mbili. Ana nyumba mbili, na katika hiyo ya Dodoma hana hata mtu mmoja wa kumuuliza ameamkaje.

Sasa nieleze ya huku. Kanisa la kwanza nililoingia sitalitaja jina. Mlangoni nilipokelewa kwa tabasamu na karatasi ya matangazo, na ibada ilipokwisha watu walikwenda ukumbini kunywa chai, kama ilivyo desturi ya makanisa mengi ya huku. Nilisimama na kikombe changu karibu na dirisha, huku kila mmoja akizungumza na rafiki yake. Waliopita karibu waliniuliza natoka wapi, wakasema wamesikia Tanzania ni nchi nzuri, kisha wakaendelea na safari yao kuelekea kwenye biskuti. Hakuna aliyenikosea adabu hata kidogo. Lakini niliendelea kusali pale kwa muda, na kila Jumapili nikaulizwa upya natoka wapi, mara nyingine na watu walewale.

Parishi ninayosali sasa ni ndogo, na kwaya yake haifikii hata nusu ya kwaya yetu. Kilichonibakiza pale ni mama mmoja mjane, wa umri kama wa Bibi. Siku ya kwanza aliniomba jina na namba ya simu, akaviandika katika kijitabu chake. Jumanne akanipigia. Hakuniuliza habari za imani wala kama nitarudi. Aliniuliza kama nina koti la baridi na kama chumba ninachoishi kina kifaa cha kupasha joto, kisha akanielekeza duka linalouza nguo za mitumba kwa bei nafuu. Jumapili iliyofuata aliketi kando yangu, na kila tulipofika mahali ambapo ibada yao inatofautiana na yetu alinionyesha ukurasa bila kuwafanya watu wageuke. Baba, naomba wazee walitafakari jambo hili la Jumanne. Sisi watu wa Dodoma tunajua sana kumkaribisha mtu siku ya Jumapili. Tunampigia makofi, tunamwimbia, tunamwombea safari njema. Lakini mgeni aliyehamia hali wala halali Jumapili peke yake. Siku ya kazi ndiyo anayotafuta nyumba ya kupanga, maji, zahanati, shule ya mtoto, na mtu wa kumweleza kwamba mboga za bei nzuri atazipata soko la Majengo.

Wapo pia ndugu zetu Wakongo waliokulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, ambao husali kwa Kiswahili mchana katika kanisa moja la upande mwingine wa jiji, nami huenda kwao nikipata nafasi. Wao ukikosa ibada, jioni wanagonga mlango wako wakiwa na chakula. Waaustralia wanaliogopa jambo hilo kwa sababu wanaona ni kuingilia nyumba ya mtu. Mimi naona sisi tusiliache, ila mtu apigiwe simu kwanza, maana mtumishi aliyezoea maisha ya Dar anaweza kufadhaika akikuta wazee wanne wa kanisa mlangoni bila taarifa.

Kuhusu desturi ya kuwasimamisha wageni wakati wa matangazo ili waseme majina na walikotoka, najua Mama anaipenda, nami sipendekezi iondolewe. Mtu aliyetumwa salamu na kanisa lake la Mpwapwa au Kondoa angeshangaa sana asipopewa nafasi ya kuzifikisha. Hata hivyo, wapo wanaoingia kanisani wakiwa wamefiwa, au wameachwa, au wamekaa miaka mingi bila kusali, na kwa mtu wa namna hiyo kusimamishwa mbele ya macho mia mbili ni mzigo ambao huenda ukamfanya asirudi. Mzee wa zamu mlangoni anaweza kumuuliza kwa sauti ya chini kama angependa kutambulishwa, na akikataa, aachwe aketi kwa amani. Mlangoni hapohapo naomba jambo jingine lisifanyike: mgeni asikabidhiwe bahasha ya ahadi kabla hajaulizwa jina lake.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, na ninaliandika kwa heshima zote. Dada ananiambia kwamba afisa akishuka kwenye gari kubwa, mzee wa zamu humwongoza hadi viti vya mbele, na mhudumu hufuta kiti kwa kitambaa. Wakati uleule vijana vibarua wanaojenga huko Mtumba, wasichana wa kazi waliokuja na familia za mabosi wao kutoka Singida na Iringa, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wenye nauli ya kwenda bila ya kurudi, wote huingia na kujibana nyuma bila kuelekezwa na mtu. Yakobo katika sura ya pili ya waraka wake aliliona jambo hilihili: mwenye pete ya dhahabu anaambiwa aketi mahali pazuri, na maskini anaambiwa asimame kule au aketi chini. Aliita hilo ubaguzi, wala hakutafuta neno la kulipunguza. Najua wazee wanafanya hivyo kwa malezi ya kumheshimu mkubwa, lakini yule msichana wa kazi huenda ndiye mwenye upweke mkubwa kuliko wote mle kanisani, kwa sababu ana umri wa miaka kumi na minane, hajui njia ya kurudi kwao, na saa mbili za ibada ndizo pekee kwa wiki ambazo si za mwajiri wake. Mama na wenzake wa umoja wa akina mama wangemketisha katikati yao, wakajua ametoka kijiji gani na mama yake anaitwa nani, kanisa letu lingekuwa limefanya kazi ambayo hakuna ofisi yoyote ya serikali inayoifanya. Afisa naye aketi popote apendapo. Nina hakika wengi wao wangefurahi kuwa kwa saa mbili watu wasiopigiwa saluti.

Kuna hoja ya lugha pia. Nimesikia baadhi ya vijana wanataka nyimbo za Kigogo zipunguzwe ili wageni wasijione wametengwa. Mimi nawaomba wazee wasikubali. Mgeni hachukizwi na kusikia Kigogo. Anachukizwa akisikia watu wakicheka kwa Kigogo na hakuna anayemweleza wamecheka nini. Kiongozi wa kwaya aseme maneno mawili kwa Kiswahili kabla ya wimbo, na mgeni afundishwe kuitikia anaposalimiwa kwa Kigogo, mbukwenyi. Zeze na ngoma zetu ni zawadi tunayoweza kumpa, na huku ugenini nimeona watu wakisikiliza kwa shauku kubwa kila nilipoombwa kuimba wimbo wa nyumbani.

Nirudi kwa yule mama mjane, kwa sababu kuna alilolifanya ambalo naliona ndilo kiini. Haukupita muda mrefu akaniomba nimsaidie kuosha vikombe baada ya chai. Kule jikoni, mikono ikiwa majini, ndiko nilikojua majina ya watu, nani mgonjwa, nani amejifungua, nani amekosana na nani. Baadaye nikawekwa kwenye zamu ya kusoma somo. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na nyumbani tumezoea kuusema msemo huo kwa kumsuta mgeni mvivu. Mimi siku hizi nauona kuwa ni haki ya mgeni. Asiyepewa jembe hubaki kuhudumiwa, na anayehudumiwa daima hajawa wa nyumbani bado. Mhasibu wa wizara anaweza kusaidia hesabu za mtaa, mwalimu akafundisha shule ya Jumapili, mwanafunzi akapiga kinanda, fundi wa kuchomelea akatengeneza madirisha. Ila naomba sana jembe hilo lisiwe la fedha peke yake. Tunapomwona mgeni mwenye gari, wazo letu la kwanza huwa kamati ya ujenzi, naye huligundua mapema kuliko tunavyodhani.

Kwa hiyo, Baba, hoja ambayo ningeiweka mezani ni moja. Kila mgeni anayesema amehamia akabidhiwe kwa nyumba moja ya Mkristo, yenye jina, itakayompigia simu katikati ya wiki na kumwalika kula ugali na mlenda kabla mwezi haujaisha. Na katibu aandike katika daftari jina la mgeni na la mwenyeji wake, ili kikao kinachofuata wenyeji ndio waulizwe habari, badala ya wageni kulaumiwa. Hata Mtume Paulo katika sura ya mwisho ya waraka kwa Warumi aliwakabidhi Fibi, akawaomba wampokee na kumsaidia katika neno lolote atakalohitaji kwao. Pia ile siku ya mnada wa sadaka baada ya ibada, ingependeza mzee akinunua boga au kuku akampa mgeni. Nyumbani atakapolipika, jina la aliyempa litakuwa limekwisha kukaa kichwani.

Wazee wakisema hatujawahi kufanya hivyo, uwakumbushe habari ambayo watu wa huku wenyewe wanaikumbuka. Dayosisi yetu ya Kianglikana ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927, askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka huku Australia, na wamisionari wengi waliomfuata walikuwa wageni kabisa kwa jua la Ugogo, chakula chake na lugha yake. Kuna mzee katika parishi yetu ambaye aliposikia natoka Dodoma alinitajia Mvumi na Kongwa, kwa sababu alizisikia utotoni kila barua za wamisionari ziliposomwa kanisani kwao. Hao wote walifundishwa Kigogo na wazee wetu, wakaonyeshwa visima, wakauguzwa walipougua. Jambo ninalowaomba wazee wa mtaa si geni hapo Ugogo.

Mama, wewe nakuomba usisubiri kikao. Yule binti uliyemwambia dada kwamba huketi karibu na mlango na kuondoka kabla ya baraka, muwahi Jumapili hii.

Baba, nitasubiri kusikia wazee walivyoamua, hasa kuhusu viti vya mbele.

Ni mimi binti yenu awapendaye.