Si kila chuma ni cha kupelekwa kwa mashini ya cheche

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo lanikera. Siku hizi hapa Mombasa, Shimanzi mpaka Changamwe, kazi ikimshinda mtu kidogo tu utamsikia "ipeleke EDM hiyo", ati ile mashini ya cheche inakata kila kitu. Kukata inakata, sibishi, lakini anayelipa ni mteja na kazi nyingi zinazopelekwa huko zingemalizwa kwa lethi na drili kabla ya adhuhuri.

Watu waelewe kwanza inavyofanya kazi. Hakuna kisu pale. Kuna elektrodi, kipande cha kupitishia stima, ya shaba nyekundu au ya grafaiti, kuna chuma chako, vyote vimezama kwenye mafuta na havigusani, kati yao pana upenyo mwembamba kama unywele, stima inaruka hapo cheche baada ya cheche, kila cheche inayeyusha punje ndogo ya chuma na mafuta yanaiosha. Kuna na aina nyingine ya mashini hiyo, ile ya waya, nayo yatumia waya, mara nyingi wa shaba ya njano wa milimita 0.25, ndani ya maji yaliyotolewa madini. Walioianzisha ni mume na mke wa kule Urusi, Boris na Natalya Lazarenko, mwaka 1943, na walikuwa wanahangaika na jambo jingine kabisa, cheche zilikuwa zinakula kontakti za umeme nao wataka kuzizuia, wakaona basi acha tuzitumie kukatia chuma.

Kwa hivyo chuma kigumu ama laini kwake ni mamoja, bora kipitishe umeme. Plastiki na kioo hapana. Na ni polepole, yakhe, polepole kweli.

Sasa chukua injini ya boti, maana hizo ndo ugonjwa wetu na haya maji ya chumvi. Bolti imekatikia ndani ya bloku ya aluminiamu. Kama ni bolti ya kawaida usiende popote, pasha bloku moto kiasi, tia oili ya kulegeza kutu uiwache inywe, weldia nati juu ya kile kigutu uizungushe taratibu, ikikataa toboa katikati yake. Lakini kama kuna fundi alokutangulia akavunja tapu mle ndani, kile kifaa cha kukatia nyuzi za bolti kwenye tundu, hapo mambo ni mengine. Tapu ni chuma cha haispidi, kile kigumu cha kutengenezea visu vya mashini, biti ya drili ikifika juu yake inateleza inakimbilia aluminiamu iliyo laini, mwisho una tundu lililokwenda upande na tapu bado imekaa pale pale inakutizama. Hiyo ndo kazi ya cheche. Elektrodi nyembamba inachoma kiini cha tapu, vile vipande vya pembeni vinabaki havina pa kushikilia unavitoa kwa sindano, na nyuzi za tundu ziko vilevile. Ila ipelekwe mapema jamani, si mpaka muipige drili, muiweldi, muigonge kwa nyundo, ndo mkumbuke.

Halafu kuna hawa wanaotaka kiwei ya shafti ya propela, ule mfereji wa kutilia kabari ya kushika propela, ikatwe kwa cheche. Ya nini? Milingi, mashini yenye kisu kinachozunguka, yaimaliza muda mfupi. Kiwei ya tundu la gia nayo ipitishwe brochi, kile kisu kirefu chenye meno, basi. Isipokuwa gia ishatiwa moto ikawa ngumu, kisu cha brochi hakiingii tena, na ukiilainisha uikate kisha uirudishe motoni yaweza kupinda, hapo waya ni haki yake. Ni kama moldi za chuma za kutengenezea vitu vya plastiki, zile kona za ndani zenye pembe kali, kata ya milingi ni duara na siku zote itaacha mviringo. Lakini hesabu pia kwamba elektrodi yenyewe lazima mtu aichonge kwanza, na hiyo nayo ni pesa.

Na kuna kitu wenye mashini wengine hawakwambii, sijui hawajui ama wanyamaza tu. Pale cheche ilipopita pabaki ngozi nyembamba ya chuma kilichoyeyuka kikaganda tena, ngumu lakini yavunjika upesi, na mara nyingi ina nyufa ambazo kwa macho huzioni. Kwenye moldi utaipiga polishi yaishe. Kwenye shafti ama springi inayopinda na kurudi kutwa kucha, ufa mkubwa unaanzia hapo hapo. Kwa hivyo uliza kama watamalizia kwa cheche ndogo ndogo na kama ile ngozi itatolewa, akikuangalia kama hajakuelewa chukua chuma chako uende.

Na mkija kuuliza bei njooni na kipande chenyewe, si picha ya simu, maana kwa picha siwezi kujua iliyovunjika ni tapu ama ni bolti tu.

Fundi wa lethi,
Changamwe, Mombasa