Kihisi kinasema 7.6, kidole kinasema 9.8: soma hapa kabla hujakirudisha dukani

Tangu tuanze kuuza vihisi vya sukari (vile vifaa vya kubandika mkononi vinavyotuma namba ya sukari kwenye simu) hapa Mtwara mjini, lalamiko kubwa ni moja: "Hiki kidude mlichoniuzia kinadanganya." Mteja anaingia na simu mkono huu, mashine ya kutoboa kidole mkono ule, na namba mbili zisizolingana (namba zote za sukari humu ni za mmol/L). Tukivikagua, mara nyingi vyote ni vizima.

Mashine ya kidole inapima damu. Kihisi hakipimi damu. Kile kiuzi chake chembamba kinakaa chini ya ngozi na kusoma sukari iliyo kwenye majimaji ya mwilini. Sukari hupanda na kushuka kwenye damu kwanza, kisha ndiyo inafika kwenye yale majimaji, ikichelewa kama dakika 5 hadi 15. Ni sawa na maji kujaa Mikindani: yanaanza mlangoni, huko ndani kwenye mikoko yanafika baadaye. Basi ukila sahani ya ming'oko ukapima nusu saa baadaye, kidole kikasema 9.8 na kihisi kikasema 7.6 huku mshale wa kwenye simu unapanda, hakuna kilichokosea. Subiri mshale ulale, ndipo ulinganishe.

Na hiyo mashine ya kidole nayo ina yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinairuhusu kupishana na maabara hadi asilimia 15 sukari ikiwa 5.6 au zaidi. Maana yake, sukari ya 10 kamili inaweza kusomeka 8.5 au 11.5 na mashine bado ikahesabika nzuri. Halafu kuna mikono. Msimu huu wa korosho mtu ametoka kukamua mabibo, anapangusa kidole kwenye kanga na kukitoboa, sukari inasoma 16! Lile ni bibo. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, pima upya.

Usiku kuna kisa kingine. Kengele inalia saa nane, simu inaonyesha 3.2, nyumba nzima inaamka. Kabla hujakoroga sukari, angalia ulilalia mkono gani. Ukilalia kihisi, ile sehemu inabanwa na namba inashuka bila sukari yenyewe kushuka. Geuka, toboa kidole. Lakini kama unatetemeka, jasho linakutoka na kichwa hakikai sawa, usibishane na kifaa chochote. Meza kitu chenye sukari kwanza.

Hapo kwenye sukari kushuka ndipo tunapoona watu wakihangaika zaidi. Unakunywa gramu 15 za sukari (nusu chupa ya soda ya kawaida inatosha), unasubiri dakika 15, unapima. Ukitegemea kihisi peke yake, kwa kule kuchelewa kwake, bado kitakuonyesha uko chini wakati damu imeshapanda. Unaongeza soda, unaongeza na chapati, asubuhi unaamka na 17. Kwa hiyo kipimo cha kuhakiki baada ya sukari kushuka kiwe cha kidole.

Upande wa pili ni wale wanaoona 14 saa moja baada ya kula na kujiongezea sindano papo hapo. Insulini ya haraka uliyochoma kabla ya chakula bado inafanya kazi, na inaendelea kwa saa 4 hivi. Ukirundika dozi, utaanguka mchana kweupe. Kiasi cha kuongeza na saa ya kuongeza panga na daktari wako, si sisi wa dukani.

Jingine linalosahaulika ni vile vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha, vya miligramu 1000. Baadhi ya vihisi, FreeStyle Libre vikiwemo, vinaweza kusoma juu kuliko hali halisi ukitumia vidonge hivyo, na sukari iliyoshuka ikajificha. Tuambie unachomeza kabla hujanunua.

Kihisi kung'oka kabla ya siku zake (vya Libre vingi ni siku 14) huku kwetu kwa kawaida ni jasho na mafuta ya nazi. Siku ya kubandika usijipake mafuta mkononi. Osha kwa sabuni isiyo na mafuta, futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Tunabandika hapa dukani bila malipo ya ziada.

Na tuseme wazi ingawa sisi ni wafanyabiashara: kama hela haitoshi vyote, nunua insulini na stripu za kidole (vile vipande vya kutilia damu kwenye mashine), kihisi kingoje. Hakuna kihisi kinachokuondolea sindano, na stripu utazihitaji hata ukiwa nacho.

Ukija kununua, njoo na simu utakayoitumia, maana si kila simu inasoma vihisi hivi na hatupendi ugundue hilo umeshafika Newala. Ukija kulalamika, njoo na mashine yako ya kidole, kihisi chenyewe hata kama kimeng'oka, na boksi lake. Bila namba iliyoandikwa kwenye boksi hatuwezi kukudaia kingine kwa msambazaji.