Hema la utulivu limewekwa nyuma ya jenereta

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, hili jambo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita na nikinyamaza nitakuwa namuonea mwanangu. Mi ni mama wa mtoto wa miaka 9 mwenye usonji, ile hali wanayoiita autism kwa Kiingereza, naishi hapa Bagamoyo, na tulienda kwenye tamasha moja la familia ambalo bango lake limeandikwa kabisa kwamba ni rafiki kwa watoto wenye usonji na kuna hema la utulivu. Jamani nilifurahi, we acha tu. Wiki nzima namuandaa, namuonyesha picha ya uwanja kwenye simu, tutapanda bajaji, tutaona ngoma, ukichoka tunaingia hemani. Yeye kitu akishajua kinakuja hana shida nacho.

Kufika getini wakampa fulana ya tamasha avae. Fulana mpya, ngumu, shingoni ina lebo, na lebo za nguo zake mi huwa nazikata zote kwa mkasi maana kwake ni kama kumwagiwa upupu. Akaikataa. Wakasema bila fulana haingii hemani, ndo utaratibu. Nikaigeuza ndani nje akakubali. Haya, tukaenda kulitafuta hema lenyewe, kumbe liko nyuma ya jukwaa, jenereta linanguruma hatua kama kumi hivi, moshi wa dizeli wote unaingia ndani na ubavuni wanachoma mishikaki. Ndani kuna viti vya plastiki na maputo. Maputo! Likipasuka moja hata mtu mzima anaruka.

Hatujakaa dakika tano MC akapiga ukelele kwenye maiki, "Bagamoyo mpooo", na maspika yakatoa ule mluzi mkali. Mwanangu akaziba masikio akajitupa mchangani, akawa anajipiga kichwa kwa viganja. Nikamfunika kanga yangu nikalala pembeni yake. Watu wakatuzunguka, mmoja ananiambia dada mchape kidogo atanyamaza, mwingine anasema huyo ana mashetani apelekwe kwa mtaalamu. Nikambeba tukatoka nje. Alipotulia nikataka turudi maana ngoma ndo kwanza zinaanza, kijana wa getini akasema mama ukitoka umetoka, kata tiketi nyingine.

Naomba nieleweke hapa, maana wengi wanadhani hawa watoto hawapendi kelele kwa hiyo wabaki nyumbani yaishe. Mwanangu anapenda ngoma kuliko chakula. Huu ni mji wa ngoma, chuo cha sanaa kipo hapa hapa, TaSUBa, na tamasha lake la kimataifa lina zaidi ya miaka 40, sisi tumekulia humo. Mtu akipiga ngoma mbele yake anaangalia ule mkono unavyopanda, anajua utashuka, anajua mlio unafuata, na anacheka mpaka machozi. Kinachomuumiza ni mluzi wa spika, taa za kuwakawaka, mafataki ambayo hakuna aliyemuambia, na vyote hivyo vikija pamoja na moshi na watu wanaomgusagusa mabega. Jirani yetu mmoja fundi simu naye ana usonji, ni mtu mzima na familia yake, siku namuhadithia akanijibu, "Mama, mi muziki siukatai, nakataa kushtushwa." Huyo ndo wa kuulizwa kabla bango halijachapwa, lakini nani amemuuliza?

Kwa hiyo ndugu waandaaji, mi naona anzeni na fundi mitambo. Ashushe sauti saa mbili za mwanzo, asubuhi jua halijawa kali, ajaribu maiki kabla watu hawajaingia, na taa za kuwakawaka aziache kabisa. Haina gharama hiyo. Ratiba itumeni wasapu siku mbili tatu kabla, yenye picha za geti, choo, jukwaa, na saa ngapi kutakuwa na kishindo, afu ifuateni kweli, maana kwa mwanangu ukisema saa nne ni saa nne. MC akimuona mtoto yuko chini asimtangaze wala asimsogelee na maiki, awaombe tu watu wasogee wampe nafasi. Na ruhusuni watu kutoka na kurudi, hilo nalisisitiza kuliko yote, mtoto akijua mlango uko wazi mara nyingi hata hautumii.

Wala sio mambo ya kufikirika. Kule New York, kwenye majumba ya maonyesho ya Broadway, mwaka 2011 walifanya onyesho zima la jukwaani kwa ajili ya watu wenye usonji, wakapunguza sauti na taa kali, wakatenga sehemu za kupumzikia na mtu akisimama katikati ya onyesho hakuna wa kumkodolea macho. Na sisi Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tumeuridhia 2009 na ndani yake utamaduni na burudani vimetajwa kuwa haki ya kila mwenye ulemavu, kwa hiyo mwanangu kuiona ngoma ya mjini kwao sio hisani ya mtu.

Hela ya tiketi sidai. Ile picha ya uwanja bado ipo kwenye simu yangu, kila asubuhi anaifungua ananiuliza mama ngoma lini. Mkishapanga tarehe nyingine nitakuja siku moja kabla niwaonyeshe pa kuweka hema, kule upande wa bahari chini ya miembe, jenereta halisikiki na upepo unaingia.

Mama wa mtoto mwenye usonji,
Dunda, Bagamoyo