Kabla ya gentamisini, dakika 26 za kuokoa masikio ya mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie sindano ya gentamisini kwa watoto wachanga. Mtoto akishukiwa kuwa na maambukizi ya damu, huanzishiwa gentamisini pamoja na ampisilini, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na imeokoa wengi. Lakini wapo wachache ambao hata dozi moja yaweza kuwaachia uziwi wa maisha.

Sababu imo katika jeni ya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) iitwayo MT-RNR1. Gentamisini huua bakteria kwa kung'ang'ania ribosomu zao, yaani vinu vya kutengenezea protini. Herufi moja ya jeni hiyo, namba 1555, ikiwa G badala ya A, ribosomu za mitokondria za mtoto hufanana na za bakteria na dawa huzishika nazo. Seli zenye vinyweleo za sikio la ndani hufa, wala hazioti tena. Uingereza, mtu mmoja kati ya 500 hivi ana badiliko hilo.

Manchester wamejaribu kifaa kidogo cha kampuni ya Genedrive kinachowekwa wodini. Muuguzi husugua usufi ndani ya shavu la mtoto, huukoroga kwenye kimiminika, hudondoshea kimiminika hicho kwenye katriji na kuichomeka. Jibu hutoka kwa dakika 26. Umuhimu wa kifaa uko hapo, kwa sababu antibayotiki inatakiwa iingie ndani ya saa moja, na jibu la maabara huchukua siku kadhaa. Mwaka 2020 walisajili watoto 751. Watatu walikutwa na badiliko wakaepushwa na gentamisini.

Kasoro zipo. Kati ya watoto 526 walioandikiwa antibayotiki, waliopimwa na kupata jibu ni 424. Usufi uliobeba mate bila seli hauna cha kupimwa. Kipimo kikigoma, mtoto asisubirishwe hata kidogo, achomwe dawa. Tena, kati ya watoto 1,000 wanaopimwa, wanane hivi wasio na badiliko wataambiwa wanalo, wakati wenye nalo kweli huenda ni wawili tu. Kwa hiyo jibu la "analo" libadilishe dawa papo hapo, ila lithibitishwe maabara kabla ukoo haujatangaziwa. Na kipimo hiki hakizuii uziwi wa dozi iliyozidi au figo dhaifu. Mizani ya kupimia uzito wa mtoto kwa ajili ya dozi ibaki palepale.

Naiomba Wizara ya Afya ikijaribu katika wodi za watoto wachanga za hospitali za rufaa. Lakini kuanzia kesho, bila senti moja, fomu ya kumpokea mtoto iongezwe swali: upande wa mama, yupo aliyepoteza usikivu baada ya sindano za gentamisini, amikasini, kanamisini au streptomisini ya TB? Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Aulizwe habari za bibi mzaa mama, mjomba, mama mkubwa na mama mdogo. Uziwi wa shangazi au baba mdogo hauhusiki hapa.

Mfamasia,
Morogoro