Tumeuliza joto, tumejibiwa ngozi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukusumbua kwa barua, hata pale kurasa zako za magari zilipokuwa zikisifia milango inayofunguka yenyewe kwa watu wenye mikono mizima. Makala ya wiki iliyopita kuhusu magari yenye paa la kioo, hata hivyo, imenishinda kuimeza. Mwandishi wako alianza vizuri, akauliza iwapo abiria wa magari hayo wana sababu ya kulalamikia joto la jua, kisha akajijibu kwamba hawana, kwa kuwa kioo hicho huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana ambayo huunguza ngozi. Hilo ni jibu la swali jingine kabisa.

Takwimu yenyewe sina ugomvi nayo. Mapaa mengi ya aina hiyo ni tabaka mbili za kioo zilizogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, na utando huo ndio unaomeza urujuanimno, kama ilivyo kwenye kioo cha mbele cha gari lolote. Lakini mionzi hiyo inayounguza ngozi ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayotufikia ardhini. Iliyobaki ni mwanga tunaouona na mionzi ya infraredi, ambayo hatuioni bali tunaihisi kama joto, na hiyo ndiyo inayochemsha vichwa, viti na mikanda. Kioo kinaweza kuzuia urujuanimno wote pasipo kubakiza chembe, na bado kikamwoka aliyekaa chini yake. Na kama kweli tunataka kuzungumzia ngozi, tuanze na vioo vya pembeni, ambavyo mara nyingi ni vya tabaka moja na hupitisha sehemu ya UVA, aina mojawapo ya urujuanimno. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye umri wa miaka 69, ambaye upande wa kushoto wa uso wake, uliokaa dirishani kwa miaka 28 ya kazi, ulikuwa umekunjamana na kuzeeka kuliko ule wa kulia. Paa halikuhusika.

Sasa niseme niliyoyaona. Mpwa wangu amenunua gari jipya la umeme lenye paa la kioo kuanzia mbele hadi nyuma, na siku moja alituchukua mimi na shangazi yangu, ambaye ni mtu mzima sana, kwenda kumjulia hali mgonjwa. Tulikaa nyuma. Mchana ulikuwa mweupe, foleni haisogei, na kabla hatujafika popote shangazi akasema, “Mwanangu, hebu punguza hilo jiko.” Mpwa wangu akamwonyesha skrini iliyo mbele yake na kumwambia kwa adabu zote, “Bibi, humu ni nyuzi 21 tu.” Akajibiwa kwamba hizo nyuzi zilikuwa huko mbele kwake, huku nyuma kulikuwa na jua. Kisha akatandaza gazeti kichwani (lilikuwa lako, Mhariri, na siku hiyo lilifanya kazi yake) na hakusema neno tena mpaka tulipofika. Mimi nina upara, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa.

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo mwandishi wako alipopaswa kuchimba. Kipimajoto cha gari hupima hewa. Jua halishughuliki na hewa. Hupasha kile linachokiangukia, na lililoangukia ni utosi wa shangazi. Kiyoyozi kinaweza kuituliza hewa hadi nyuzi 21 huku kichwa kikiendelea kupokea miale moja kwa moja. Saa sita mchana, mbingu zikiwa wazi, kila mita ya mraba iliyolielekea jua hupokea karibu wati 1,000. Hata tukikubali kwamba kioo kimezuia asilimia 85 ya nishati hiyo, zinabaki wati 150 zinazoshuka kwa kila mita ya mraba, bila kukoma, juu ya watu waliofungwa mikanda. Wala weusi wa kioo usimdanganye mtu. Kioo chenye tinti nzito hupunguza mwanga kwa kuumeza, na kilichomeza jua hupata moto, kisha chenyewe kinaanza kumimina joto chini. Nilikigusa kwa kiganja nikakitoa upesi. Kioo kilichopakwa utando mwembamba wa kurudisha joto nje ni kitu kingine, na tofauti hiyo haikutajwa popote katika makala yako.

Mpwa wangu alipokwenda kulalamika kwa waliomuuzia, aliambiwa kwamba gari halina hitilafu yoyote, na kwamba pazia la kuzuia jua lipo, ila linauzwa peke yake. Naomba nieleweke hapa. Tangu watu waanze kufunika magari kwa bati, abiria alipewa bati, sponji na kitambaa juu ya kichwa chake, na hakuna aliyemwandikia ankara ya kivuli. Leo vitu hivyo vimeondolewa, mahali pake kimewekwa kioo ambacho mnunuzi amekilipia kama anasa, halafu kivuli kilekile kinarudishwa kwake kikiwa kimekunjwa ndani ya mfuko, kama kifaa cha ziada, akipachike mwenyewe kwa vibanio ambavyo huachia kwenye matuta. Najua hoja yao: betri zimewekwa chini ya sakafu, sakafu imepanda, na kioo kitupu humwachia abiria nafasi zaidi ya kichwa kuliko bati lenye sponji. Sawa. Basi kichwa kimepata nafasi, na nafasi hiyo imejaa jua, na ili kuipoza kiyoyozi kinakula umeme uleule wa betri ambao mnunuzi alihesabu utamfikisha aendako. Mtu amelipia kioo, amelipia pazia la kukifunika kioo, na anaendelea kulipia umeme wa kupambana na kioo.

Na hiyo ni gari likiwa linatembea. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walipima magari ya kawaida yaliyoachwa juani kwa saa moja wakati wa kiangazi: wastani wa joto ndani ulifika nyuzi 47 za Selsiasi, na dashibodi nyuzi 69. Yaliyoegeshwa kivulini yalifika 38. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii kitu cha maana. Mwili wa mtoto hupanda joto mara tatu hadi tano kwa kasi kuliko wa mtu mzima, na kiti chake, chenye bizimu la chuma, hufungwa nyuma, palepale chini ya kioo.

Nikiwa bado na hasira, niulize pia ni nani aliyeamua kwamba matundu ya hewa yaelekezwe kwa kupapasa skrini. Mpwa wangu alitaka kumpelekea bibi yake upepo, na ilimbidi afungue ukurasa ndani ya ukurasa, wakati jua linaloingia kwa juu limeifanya skrini yenyewe isisomeke. Zamani palikuwa na kijiti cha plastiki, na hata shangazi angekisukuma.

Dawa ya jambo hili si ngeni. Mwaka 2009 mamlaka inayodhibiti uchafuzi wa hewa katika jimbo la California, Marekani, ilipitisha kanuni ya kuwalazimisha watengenezaji waweke vioo vya kurudisha joto la jua, ikaitupa mwaka 2010 baada ya malalamiko kwamba utando wenye metali ungevuruga mawasiliano ya simu. Simu zilinusurika. Sisi wengine napendekeza tusaidiwe hivi: kila mkataba wa kununua gari lenye paa la kioo utiwe saini kwenye kiti cha nyuma, saa saba mchana, gari likiwa nje na si ukumbini, meneja wa mauzo akiwa ameketi kando ya mnunuzi bila kofia, na asiruhusiwe kushuka mpaka kurasa zote zisomwe kwa sauti.

Kwako wewe, Mhariri, ombi ni dogo zaidi. Kipo kipimo cha jumla ya nishati ya jua inayopita kwenye kioo cha gari, na namna ya kukipata imeelezwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 13837. Mwandishi wako akiandika tena kuhusu magari haya, aache kutunakilia asilimia za urujuanimno na aichapishe namba hiyo kando ya bei. Kama haimo kwenye vitabu vya matangazo, aiulize kwa maandishi, na kama hatajibiwa, aandike hivyo hivyo, kwa herufi nzito, kwamba aliuliza na hakujibiwa.

Wasalaam,
Msomaji wako wa siku nyingi