Shukrani za familia ya askari wetu aliyezikwa Kaboya

Familia yetu, tukiongozwa na mama mzazi wa marehemu, inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani na marafiki mlioungana nasi katika ibada ya kumwombea kaka yetu, aliyekuwa askari wa JWTZ, na katika safari ya kwenda kuliona kaburi lake Kaboya, wilayani Muleba.

Kaka aliuawa vitani Februari 1979, majeshi yetu yakisonga mbele kuelekea Masaka. Alikuwa kijana mbichi, hajaoa. Mwalimu alipolitangazia taifa Novemba 1978 kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo, kaka aliaga akaenda, na nyumbani hakuna aliyemzuia. Taarifa ya kifo ilitufikia, mwili hatukuuona. Tulikaa matanga bila jeneza. Miaka yote hii swali la mama limekuwa lilelile: "Walimzika vizuri?"

Safari hii amejibiwa. Shukrani za pekee ziwaendee askari wanaoyatunza makaburi ya Kaboya. Wanangu, wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa vita ile ilipopiganwa, lakini tumekuta nyasi zimefyekwa na njia zimefagiliwa. Mmemshika mama mkono hadi kaburini, mkamletea kiti. Akaanza kumpa mwanawe habari za nyumbani, nani kaoa, nani katangulia, nani kabaki, na habari zenyewe zilikuwa nyingi. Kijana aliyetuongoza alisimama pembeni mpaka akamaliza. Hakutuharakisha hata kidogo. Mungu akubariki, mwanangu.

Tunamshukuru pia mzee wetu aliyekuwa kikosi kimoja na kaka. Alisafiri na mguu wake ulioumia vitani ili atueleze kwamba kaka ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake barua za nyumbani, na kuwaandikia majibu wale wasiojua kuandika. Hilo hatukuwahi kulisikia. Mama alimwomba alirudie.

Kwa padri, wanakwaya, kamati ya maandalizi, madereva na wote mliochanga: si rahisi kumtaja kila mmoja, pokeeni asante zetu.

Julai 25, Siku ya Mashujaa, tutamwombea tena pamoja na wenzake wote. Yeyote aliyepigana bega kwa bega na kaka, au mwenye picha ya kikosi chao, tunamwomba afike nyumbani. Mama bado ana mengi ya kuuliza.