Mpaka wa kihamba usipimwe kwa hasira

Mhariri,

Magomvi ya mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo, huku Kilimanjaro hayaishi kwa sababu tunakimbilia kupima ardhi wakati watu bado wanachemka. Mtu anakuta sale, mmea tunaoupanda kuonyesha mpaka, limeng'olewa asubuhi, mchana keshamwita mwenyekiti wa kitongoji aje na kamba.

Subirini walau siku mbili tatu. Kila upande ueleze peke yake, kwa mzee asiye na maslahi katika shauri, unachodai hasa. Mara nyingi kiini si ile hatua moja ya ardhi. Ni tusi lililotolewa msibani, au kaka aliyegawa kihamba bila kuwaita dada zake, na hilo halitibiwi kwa kamba.

Siku ya kupima waje majirani wa pande zote nne, mchana kweupe, na mbege, pombe yetu ya ndizi, isubiri. Tumieni utepe, si hatua za miguu. Katika hatua 50, mrefu na mfupi wanapishana mita kadhaa. Kisha yachunguzeni masale yenyewe. La miaka mingi lina shina nene lenye makovu ya majani yaliyodondoka. Lililochomekwa juzi mara nyingi ni jembamba, na udongo wa shinani bado tifutifu. Mstari ukipinda ghafla penye masale machanga, ulizeni aliyeyapanda.

Lile jani la sale lililofungwa fundo, tulilorithi kuombea msamaha, lipelekwe na mzee baada ya mkosaji kukiri. Likitangulia, linamziba mdomo aliyeonewa, maana kulikataa ni aibu kubwa.

Na jani hunyauka, kwa hiyo andikeni: mita ngapi kutoka kona ya nyumba ya matofali au kitu kingine kisichohama. Watie sahihi wahusika na majirani, nakala tatu, moja ibaki ofisi ya kijiji.

Mkishindwa, kuna Baraza la Kata. Wengi bado wanalitarajia litoe hukumu, lakini tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha tu. Wanakaa wajumbe watatu, angalau mmoja mwanamke. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti cha Kata cha kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Wanaokwepa vikao ili mwenzao achoke wanalijua hilo?

Wasomaji wako,
Moshi Vijijini